Jembe la Apolo

Somo: 1 Petro 3:13-16



Mstari wa 15 wengi wetu tunaujua: tuwe tayari kumjibu kila mtu. Lakini tumeugeuza kuwa mstari wa mabishano. Ukikutana na Msabato pale stejini, Biblia zinafunguliwa, mara Jumamosi, mara Jumapili, watu wa boda wanakusanyika, saa nzima inaisha na hakuna aliyeokoka. Angalia vizuri. Petro anasema tumjibu anayeuliza. Yaani swali linatoka kwake. Na ataulizaje kama hajaona kitu kwako? Sisi tuliosomea biashara tunajua kwamba mteja haulizi bei ya kitu ambacho hajakiona. Wakristo tunataja bei kutwa nzima na bidhaa bado iko ndani ya boksi.

Kulikuwa na mwinjilisti wa Uganda, Apolo Kivebulaya. (Alikuwa Mwanglikana, msishtuke.) Mwaka 1896 alivuka milima ya Ruwenzori akaenda Mboga, ambayo leo iko Kongo. Waliomtangulia walikuwa wameondoka, kwa sababu chifu wa pale, Tabaro, alikataza watu wasiwape chakula. Apolo akaenda na jembe. Akalima, akala jasho lake, akafundisha watu kusoma. Baadaye dada ya chifu aliangukia mkuki akafa, na lawama akabebeshwa Apolo. Akapigwa, akapelekwa kifungoni Fort Portal. Alipoachiliwa alirudi. Wapi? Mboga kulekule, kwa Tabaro yuleyule.

Hapo mimi husimama kila nikisoma habari zake. Toro ilikuwa na vijiji vingi vya kuhubiri, na hakuna mtu angemlaumu. Sidhani kuna hoja ambayo ingemshinda Tabaro kuliko kumwona tena yule aliyempeleka jela, ameshika jembe, hadai chochote. Tabaro alikuja kubatizwa. Waanglikana wa Kongo wanahesabu mwanzo wao pale. Apolo alifia Mboga mwaka 1933, akiwa ameomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, ambako injili ilikuwa bado ina safari.

Sasa turudi hapa Matulo. Jirani yako mmoja ni wa Friends, mwingine Mkatoliki, mzee wa kule chini labda bado ni Dini ya Musambwa. Hawa wote wanatujua. Wanajua ng'ombe wa nani aliingia kwenye mahindi ya nani. Wanajua nani alipewa pesa za chama halafu simu ikazimwa. Wanajua pia nani alikuja kwa matanga akapasua kuni na kuchota maji mpaka usiku, bila kuombwa na bila kupewa nafasi ya kusalimia watu. Siku wakiwa na swali juu ya Yesu, watamwendea huyo. Na akiulizwa ajibu, tena kwa upole na heshima, maana Petro hakusema tukae kimya milele.

Mama ambaye mume wako hajaokoka, mstari wa kwanza wa sura hii unasema anaweza kuvutwa bila neno. Punguza kumhubiria mezani. (Simaanishi mama anayepigwa avumilie. Huyo aje tuongee, tumsaidie.)

Mwezi ujao tuna mkutano wa injili sokoni. Kabla hatujafunga spika, naomba kila mmoja wetu wiki hii apite kwa yule anayemdai: mwenye duka, mama mboga, mwenye posho mill. Usimtajie habari za mkutano siku hiyo. Lipa, sema asante, uende. Kama hazijatimia, peleka kiasi ulicho nacho, na umwambie nyingine utaleta siku gani.