Miaka Ambayo Sánchez Hakuipigana

Alfajiri ya Agosti 12, 1982, gari aina ya Porsche liligongana na lori kwenye barabara itokayo Querétaro kwenda San Luis Potosí, nchini Meksiko. Aliyekuwa akiendesha Porsche hiyo ni Salvador Sánchez, bingwa wa dunia wa WBC uzito wa unyoya. Alikuwa na miaka 23. Nyuma yake aliacha mapambano 46: ameshinda 44, sare moja, na kapoteza moja tu, mwaka 1977, akiwa kijana wa miaka 18. Mkanda wake aliutetea mara tisa katika muda wa miaka miwili na nusu, na utetezi wa mwisho ulikuwa umepita wiki tatu tu kabla ya ajali.

Wapenzi wa ngumi hawajaacha kuuliza tangu siku ile: kama angeishi, angefika wapi?

Kwenye kijiwe chetu cha kahawa swali hili halizeeki. Vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2000 huyatazama mapambano yake kwenye simu, kisha wakamgawia mikanda ya uzito mmoja baada ya mwingine kwa ukarimu ambao WBC haijawahi kuwa nao. "Mzee wangu, huyu angempiga hata Argüello," mmoja aliniambia. Alexis Argüello wa Nikaragua, bingwa wa uzito tatu! Nikamwuliza angempiga raundi ya ngapi. Akacheka, akaagiza kahawa nyingine.

Kwa upande wangu, ukuu wa Sánchez hauhitaji ramli. Fuata tu ule mkanda ulikokwenda. Septemba 1982, mwezi mmoja baada ya mazishi, Juan Laporte alishinda pambano la kuwania taji lililobaki wazi. Machi 1984 Wilfredo Gómez akamnyang'anya Laporte. Desemba mwaka huohuo Azumah Nelson wa Ghana akamfuata Gómez nyumbani kwake Puerto Rico, akamlaza raundi ya 11, akaondoka na mkanda. Wanaume watatu, mmoja akimrithi mwenzake. Na wote watatu, Sánchez alikuwa ameshawapiga. Waliokuja baada yake walikuwa wakirithishana mali ya mtu ambaye hakuna kati yao aliyeweza kumpokonya akiwa hai.

Hao hawakuwa watu wa kuokoteza. Gómez alipopanda ulingoni Las Vegas Agosti 1981 alikuwa hajawahi kushindwa. Ushindi wake ulikuwa 32, wote kwa KO, na Puerto Rico nzima ilikuwa imekwisha kuandaa sherehe. Sánchez alimwangusha raundi ya kwanza kabla watu hawajakaa vizuri, akampika taratibu hadi raundi ya nane, mwamuzi akasimamisha.

Lakini pambano ninalolirudia mimi ni la Julai 21, 1982, Madison Square Garden. Azumah aliitwa kuziba pengo la mtu aliyeumia, kwa taarifa ya muda mfupi. Mapambano yake yalikuwa 13, yote ameshinda, ila New York hakuna aliyemjua. Akaja na pumzi za Accra na kiburi cha mtu asiyejua kwamba ameletwa kushindwa. Alimsukuma bingwa, akambana, akaangushwa raundi ya saba, akainuka na kuendelea kama vile hakuna kilichotokea. Ukitazama raundi za katikati bila kujua mwisho wake, huwezi kuapa nani atatoka na mkanda. Sánchez naye hakupaparika. Alikuwa na kipaji cha kusubiri: anapiga, anarudi nyuma kidogo, anahesabu, na kila raundi inavyopita mwenzake anachoka yeye akiongezeka. Raundi ya 15, ya mwisho kabisa, alimwangusha Azumah, kisha akamshushia mfululizo wa makonde mpaka mwamuzi akaingia kati.

Azumah yule tulikuja kumwita Profesa. Alitwaa ubingwa wa dunia katika uzito mbili, na mwaka 1997 ndipo mkanda ulipomtoka kwa mara ya mwisho. Ukitaka kipimo cha Sánchez, hicho hapo.

Shabiki angependa niishie hapa, ila pana jambo ambalo vijana wa kijiweni hawapendi nikilitaja. Danny Lopez, aliyekuwa na mkanda kabla yake, Sánchez alimmaliza raundi ya 13 mara ya kwanza, na raundi ya 14 mara ya pili. Azumah, raundi ya 15. Huko ndiko kulikokuwa nyumbani kwake. Novemba 1982, miezi mitatu baada ya ajali, bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, aliangushwa na Ray Mancini katika raundi ya 14, akafariki siku chache baadaye. WBC ikapunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12. Kwa maneno mengine, Sánchez angeishi angekuta zile raundi alizokuwa akivunia zimefutwa. Labda angebadilika, alikuwa na akili hiyo. Lakini huyo angekuwa bondia mwingine, na ushindi wake ungetegemea kalamu za majaji, ambao Desemba 1981 walishagawanyika kati yake na Mwingereza Pat Cowdell.

Miaka huongeza, na pia hupunguza. Upande huu wa Afrika tunalijua hilo kupitia Robert Wangila. Seoul, 1988, alimwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika fainali ya uzito wa welter, akaipatia Kenya dhahabu ya Olimpiki ambayo hadi leo ndiyo pekee iliyotoka nje ya riadha. Angefariki akirudi nyumbani na ile medali shingoni, leo tungemgawia mikanda yote ya dunia. Hakufariki. Aliingia ngumi za kulipwa Marekani, akashinda mara 22, akapoteza tano, na kipigo cha mwisho kilikuwa Las Vegas Julai 1994. Mwamuzi alisimamisha pambano raundi ya tisa. Wangila akalalamika kwamba bado anaweza kuendelea, kisha akazimia chumba cha kubadilishia nguo. Alikufa siku mbili baadaye, akiwa na miaka 26. Hakuna anayeuliza kijiweni Wangila angefika wapi, ingawa naye alikufa kijana. Tuliiona miaka yake sita ya kulipwa, hatukuipenda, basi tukalifunga swali. Sánchez amesamehewa miaka ya aina hiyo, na mimi huona hilo ni dhuluma kwa Wangila.

Tena inajulikana kuwa Sánchez alitamani kuacha ngumi mapema akasomee udaktari. Kila anayemwongezea uhai humwongezea ulingoni, wala sijasikia hata mmoja akimpeleka chuoni.

Haya, nami nisijifanye mtakatifu. Nikipewa ruhusa ya kumwongezea kitu kimoja, ningemwongezea marudiano na Azumah: mwaka 1985, raundi 12, na safari hii Mghana amepewa miezi mitatu ya kujiandaa. Fedha yangu ningeiweka kwa Azumah.