Picha Kali, Picha Kweli?

Kuna watu wakisikia tu neno kompyuta karibu na picha, basi, picha imeshakuwa uongo. Filamu, wanasema, ilikuwa haidanganyi: unapiga, unapeleka kusafisha, unarudishiwa ulichokiona. Hebu tuwaulize, kule kwenye chumba cha giza alikuwa nani, malaika?

Mchukue Ansel Adams, Mmarekani yule wa milima. Mwaka 1932 yeye na wenzake wa San Francisco walianzisha kundi la f/64, jina la tundu dogo sana la lenzi, lile linalofanya jiwe la karibu na mlima wa mbali vyote vitoke vikali. Mwaka 1941 akapiga mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Alipata pigo moja tu. Kabla hajapiga la pili, jua likaacha kumulika misalaba ya makaburini. Lakini kutoka negativu hiyo moja alichapa mamia ya picha kwa miaka mingi, na si pacha. Mwaka 1948 aliirudisha kwenye dawa ili sehemu ya chini ipate nguvu. Katika picha za mwanzo anga lina mawingu hafifu; za baadaye ni jeusi tii. Sasa ipi ndiyo jioni yenyewe?

Na huo ukali nao! Ufundi wa kunoa picha haukuzaliwa kwenye kompyuta. Mafundi wa filamu walitengeneza nakala hafifu ya negativu, vyeupe na vyeusi vimegeuzwa, yenye ukungu wa makusudi, wakaipachika pamoja na negativu yenyewe, wakachapa. Kingo zikatoka zimekolea. Ukungu ndio ulionoa, ukitaka kucheka cheka. Kamera nyingi za dijitali nazo ziliwekewa kichujio kinachofifisha picha kidogo, ili mistari ya kitambaa isizue mawimbi yasiyokuwapo. Anayenoa baadaye anadai alichonyang'anywa.

Ninachouliza mimi ni hiki: mtazamaji aliahidiwa nini? Adams hakuahidi ripoti ya hali ya hewa. Jarida la habari linaahidi. National Geographic la Februari 1982 lilisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zitoshee jalada la wima, na picha ile, kumbuka, ilipigwa kwa filamu. Ilikuwa kali, safi, na hapo ndipo palipouma: ukali wenyewe ulisimama shahidi wa uongo.

Lakini kinachonitisha zaidi ni simu ya mfukoni. Nyingi hunoa kope na kulainisha shavu hata kabla hujaiona picha. Bibi anapigwa, makunyanzi yake yanaondoka, na wala si yeye, wala mjukuu aliyebonyeza, aliyeamua. Utamuuliza nani? Yule fundi wa studio wa zamani, aliyegusagusa negativu kwa penseli kumpunguzia mteja chunusi, angalau duka lake ulilijua. Ungeweza kwenda kugombana naye.