Wasia, Utani na Rika: Urafiki wa Mzee na Kijana Mbele ya Mauti

Katika fikra za jamii nyingi za Afrika ya Mashariki, kifo kina zamu yake: mzee hutangulia, kijana humzika. Usemi wa "kufa kuzikana", ambao Ken Walibora aliufanya jina la riwaya yake ya mwaka 2003, huupima urafiki kwa kipimo cha kaburi: rafiki wa kweli ni yule ambaye, mmoja akifa, mwenzake atamzika. Usemi huo unachukulia kwamba mmoja atabaki. Makala haya yanachunguza hali inayouvuruga, yaani urafiki wa mzee na kijana ambao wote wawili wana maradhi yasiyo na tiba. Swali lililopo ni la kimaadili: watu wawili ambao hakuna atakayemfaa mwenzake kesho, wanadaiana nini leo?

Katika eneo la kati la Bonde la Ufa, hali hiyo ina mazingira yake halisi. Kwa miaka mingi, mgonjwa wa saratani kutoka Njoro, Molo, Subukia au Gilgil aliyehitaji tiba ya mionzi katika hospitali ya umma alielekezwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, safari ya kilomita zipatazo 160 kutoka mjini Nakuru. Wengi walifika wakiwa wamechelewa. Ng'ambo ya msitu wa Mau, huko Bomet, madaktari wa Hospitali ya Tenwek wameandika kuhusu saratani ya umio inayowapata hata watu wa chini ya miaka 30, ingawa mahali pengi duniani maradhi hayo huhesabiwa kuwa ya wazee. Huduma ya kuwatuliza wasioweza kupona, ambayo Nairobi Hospice iliianza mwaka 1990 na ambayo baadaye ilifika Nakuru, huweza kuwaketisha mzee na kijana kwenye benchi moja. Kinachowakutanisha ni maumivu na dawa ya mofini, wala si ukoo. Tena si lazima wawe wa lugha moja. Nakuru ilikua kwa watu waliotoka pande nyingi kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na huenda familia za wagonjwa hao zilisimama pande mbili katika mapigano ya Molo ya mwaka 1992, au ya Nakuru mwanzoni mwa mwaka 2008. Kiswahili ndicho kinachowapa maneno ya kuanzia: mmoja huitwa mzee au babu, mwingine kijana au mjukuu wangu.

Fasihi ya Kiswahili ina umbo mashuhuri la mazungumzo baina ya mgonjwa na kijana, nalo ni wasia. Katika Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, mama aliye mgonjwa anamuusia binti yake, Mwana Hashima, kuhusu wajibu wake kwa Mungu na kwa mume. Nguvu ya utendi huo inatokana na tofauti ya hali zao: mzazi anaondoka, binti anabaki, na maneno yanapita baina yao kama urithi. Binti akiondolewa katika hesabu ya watakaobaki, wasia unakosa mpokeaji. Mzee aliyelazwa karibu na kijana wa miaka 19 anayekufa hana sababu ya kumfundisha namna ya kuoa, kulima au kulea. Hekima yake imekuwa mali isiyo na mrithi.

Tolstoy, katika hadithi yake ya mwaka 1886 kuhusu kifo cha Ivan Ilyich, alitoa umbo jingine. Gerasim, mtumishi kijana, hamdanganyi bwana wake kama wanavyomdanganya wengine nyumbani; humwinulia miguu na kumpunguzia maumivu bila kujifanya kwamba atapona. Lakini Gerasim ni mzima. Anaweza kutoa nguvu zake kwa sababu anazo. Katika urafiki unaojadiliwa hapa hakuna mwenye afya, na kila mmoja ni fukara mbele ya mwenzake.

Kinachobaki ni utani. A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, aliueleza utani kuwa ni ukosefu wa heshima ulioruhusiwa, ambao anayetaniwa hatakiwi kuuchukia. Na babu na mjukuu ni miongoni mwa watani wanaojulikana sana. Huko Tanzania mtani huweza hata kumwigiza marehemu matangani bila kulaumiwa. Uzito wa kimaadili wa desturi hii unaonekana wodini. Mara nyingi jamaa huelezwa ukweli wa ugonjwa kabla ya mgonjwa, nao humficha kwa huruma. Mzee huambiwa kwamba atarudi shambani, kijana kwamba atarudi shuleni. Mgonjwa huweza kuutambua uwongo huo, akanyamaza ili asiwavunje moyo wanaomfariji. Baina ya wagonjwa hao wawili uwongo huo hauna kazi. Kijana anaweza kumwuliza mzee kama amekwisha kuchagua mti wa kuzikiwa chini yake, na mzee akajibu kwamba kivuli chake kinawatosha wawili. Neno ambalo likitoka kwa mwana lingekuwa laana, likitoka kwa mtani ni heshima, kwa kuwa linamchukulia mgonjwa kuwa mtu anayeyajua mambo yake.

Hata hivyo, utani wa babu na mjukuu huegemea ile zamu iliyotajwa mwanzoni. Miongoni mwa Wagikuyu, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, ili jina liendelee baada ya mwenyewe. Miongoni mwa Wakalenjin, majina ya marika huzunguka na kurudi baada ya takriban karne moja, wakati walioyabeba awali wamekwisha kutoweka. Mauti ya mzee yana mahali pake katika mzunguko huo. Ya kijana hayana. Hapa ndipo kinapojitokeza kishawishi cha mzee: kumwambia kijana kwamba wao sasa ni rika moja, maadamu kila mtu atakufa. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Katika jamii hizo, rika halihesabiwi kwa miaka peke yake bali pia kwa jaribu lililopitiwa pamoja, na ugonjwa ni jaribu. Nusu ya pili ni dhuluma. Mzee anapoteza masalio ya maisha aliyokwisha kuyaishi. Kijana anapoteza maisha yenyewe. Aristotle, alipojadili urafiki wa wasiolingana, alisisitiza kwamba haki baina yao si kugawana sawasawa, bali kila mmoja kupata kinachomstahili. Kijana anastahili mzee akiri kwamba zamu imevunjwa, wala asiutumie uzee wake kuifanya hasara ya mwenzake ionekane ndogo. Mzee naye anastahili asihesabiwe miaka yake kana kwamba aliiiba.

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuiuliza kila kazi inayohusu maradhi ina funzo gani kwa wanaobaki. Swali hilo ni halali, ila ni swali la wasia, nalo haliwezi kuupima urafiki huu, ambao thamani yake huishia kwa wenyewe. Wanachodaiana ni ukweli usiofichwa na hasara isiyosawazishwa kwa maneno. Mmoja atatangulia, na huenda aliyesalia asiweze hata kusimama kaburini. Kuzikana kwao kutakuwa kumefanyika mapema zaidi, pale kila mmoja alipokitaja kifo chake mbele ya mtu asiyegeuza uso.