Mpaka unaokaguliwa na majirani

Mwishoni mwa Novemba, baridi ya Uingereza ikiwa imeshaanza kuuma, wakulima wa kijiji cha Laxton huacha shughuli zao na kwenda pamoja kwenye konde la ngano. Ngano yenyewe imechipua, bado fupi, na udongo ni mfinyanzi mzito unaong'ang'ania viatu. Wamebeba vigingi vya mti na nyundo. Wanapita ngwe baada ya ngwe wakitazama kama kuna ambaye plau lake limeimega njia ya wote, kama kuna aliyesogea kwenye ngwe ya mwenzake, kama mitaro ya maji imesafishwa. Penye shaka wanapima, wanabishana, wanakubaliana, kisha kigingi kinagongwa ardhini wote wakiona. Mchana wanakula pamoja kwenye baa ya kijiji. Wiki moja baadaye wanakutana tena pale pale, safari hii wakiwa mahakama, na aliyekutwa na kosa anatozwa faini.

Faini ni ndogo, haimfilisi mtu. Lakini inasomwa mbele ya majirani zake, watu atakaokutana nao kesho yake barabarani, na hapo ndipo penye uzito.

Laxton iko katika jimbo la Nottinghamshire. Ni kijiji cha kale: kimeandikwa katika Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, ile hesabu ya mali na ardhi aliyoiagiza mfalme William baada ya kuiteka nchi, na kilima cha ngome ya mabwana wa enzi hizo kingalipo mpaka leo. Nyumba za wakulima zimejipanga kando ya barabara ya kijiji, si kila mtu peke yake katikati ya shamba lake kama ilivyo sehemu nyingi za Uingereza. Ukitoka kwako asubuhi kwenda shambani, unapita mlangoni kwa jirani. Jambo hilo dogo limenifikirisha sana, kwa sababu ni vigumu kumdhulumu mtu ambaye lazima umpe salamu kila siku.

Kinachoifanya Laxton iwe ya pekee ni makonde yake matatu, yaani West Field, Mill Field na South Field. Ni makonde makubwa, na ndani yake hamna ua wala senyenge. Kila mkulima ana ngwe zake zilizotawanyika katika makonde yote matatu, zimekaa bega kwa bega na za wenzake. Mwaka huu konde moja linapandwa ngano, la pili mazao ya majira ya kuchipua, la tatu linapumzika. Mwaka unaofuata zamu zinahama. Hapo zamani Waingereza walio wengi katika maeneo ya kati ya nchi walilima hivyo, na huenda leo tukauona utaratibu huo wa usumbufu: kwa nini mtu awe na vipande huku na huko badala ya shamba moja?

Ukitulia utaona hekima yake. Udongo haufanani. Kuna mahali panaposhika maji na mahali panapokauka mapema, kuna penye rutuba na palipochoka. Ngwe zikitawanywa, hakuna anayepata pazuri pote na hakuna anayeachiwa pabaya pote. Mvua ya mawe ikipiga upande mmoja, haimwangamizi mtu mmoja. Tena konde lililopumzishwa lilikuwa malisho ya mifugo ya wanakijiji, na samadi ikabaki hapo hapo. Lakini hayo yote yanawezekana kwa sharti moja: lazima mpatane. Lazima mjue nani anapanda nini, lini mnavuna, lini mifugo inaingia. Mmoja akichelewa kuvuna, anawakwamisha wote. Ndiyo maana mahakama ya kijiji ilizaliwa shambani, kutokana na haja ya kulima.

Mwaka 1635 mpimaji aitwaye Mark Pierce alichora ramani ya Laxton kwa ajili ya Sir William Courten, aliyekuwa bwana wa ardhi hiyo. Ramani ingalipo, imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford. Ngwe zimeonyeshwa moja moja, zaidi ya elfu mbili, na katikati yake zimechorwa picha ndogondogo za watu wakilima na kuvuna. Nimeitazama nakala yake kwa muda mrefu. Ni kazi ya mtumishi wa tajiri aliyetaka kujua mali yake, sitaki kuipamba. Laxton haikuwa pepo. Ardhi nyingi ilikuwa ya bwana, wakulima walilipa kodi, na vibarua wasio na ngwe hata moja walikuwepo. Lakini hata maskini alikuwa na mahali pa kusimama katika mpangilio ule, na palijulikana.

Kwingineko Uingereza mpangilio huo ulivunjwa. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua makonde na malisho ya wote, jumla ya ekari milioni 6.8 hivi, zaidi ya sehemu moja ya tano ya England. Mazao yaliongezeka katika mashamba mengi, hilo halikataliki. Ila aliyekuwa na ng'ombe mmoja akimlisha kwenye malisho ya kijiji alijikuta hana pa kumpeleka. Aliyekuwa akiokota kuni akawa mwizi wa kuni. John Clare, mshairi aliyezaliwa mwaka 1793 katika kijiji cha Helpston, mtoto wa kibarua wa shambani, aliona ardhi ya kwao ikizungushiwa ua baada ya sheria ya 1809, na uchungu huo aliuandika maisha yake yote.

Laxton iliponea. Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba mabwana wawili wenye ardhi pale hawakuafikiana namna ya kuigawa. Baadaye, mwaka 1952, Wizara ya Kilimo iliinunua ili makonde yasipotee. Mwaka 1981 ikawa chini ya taasisi inayosimamia mali za Taji, na mwaka 2020 ikauzwa kwa Thoresby, milki ya ukoo ulioimiliki zamani. Hata Bunge lilipofuta mamlaka ya mahakama nyingi za kale mwaka 1977, ile ya Laxton iliachwa na nguvu zake.

Sasa msomaji wa Moshi au Nyeri ataniuliza habari hizi zinamhusu nini. Zinamhusu. Fikra ile iliyowazungushia ua wakulima wa Uingereza ilivuka bahari. Mwaka 1954, Kenya ikiwa katika Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilileta mpango uliobeba jina la ofisa wake wa kilimo, Roger Swynnerton: vipande vya ardhi vilivyotawanyika viunganishwe, kila mtu apewe shamba moja na hati yake. Wapo waliofaidika, wakapanda kahawa na kusomesha watoto. Wapo pia waliokuwa kizuizini au msituni wakati vipimo vinafanyika, wakarudi wakakuta mambo yameamuliwa bila wao. Hati ilikuja, lakini ule utaratibu wa majirani kuketi na kusema mpaka huu ni wa fulani ulidhoofika.

Kwetu Kilimanjaro mpaka ni mstari wa masale. Jani hilo hilo la sale ndilo mtu hulichukua anapokwenda kuomba msamaha kwa aliyemkosea, na sijui kabila jingine lililounganisha mpaka na msamaha kwa mmea mmoja. Hata hivyo nimeshuhudia katika ukoo wetu kesi ya kihamba, yaani shamba la urithi, iliyoanza na masale yaliyong'olewa usiku. Ilipanda ngazi za mahakama miaka na miaka. Nauli, wakili, nakala za hukumu, siku za kazi zilizopotea: thamani yake iliipita ardhi yenyewe mara nyingi. Wazee wawili waliokuwa wakichangiana chumvi walizikwa bila kuzungumza. Kilichogombewa ni upana wa migomba michache.

Si kwamba sheria hatuna. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Namba 5 ya mwaka 1999, imeweka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, kazi yake ikiwa kusuluhisha. Katika hilo la wanawake tumewatangulia Laxton, maana kwa karne nyingi waliotembea makonde yale wakiwa baraza walikuwa wanaume. Tatizo letu ni kwamba tunaliita baraza ugomvi ukishakomaa. Laxton hawangojei mlalamikaji. Kila mwaka, kuwe na ugomvi au kusiwe, wanakwenda kuangalia. Kosa linakamatwa likiwa na upana wa kiatu, na mkosaji hana haja ya kulitetea kwa panga wala kwa uongo. Analipa, anatania na wenzake, na mwakani yeye mwenyewe huenda akawa miongoni mwa wanaokagua.

Wakulima wa Laxton leo ni wachache kuliko zamani, na trekta limechukua nafasi ya farasi. Huenda ungesema ukaguzi ule sasa ni desturi tu. Mimi siamini hivyo. Watu wanaoacha kazi siku nzima kwenye baridi ili kumwambia jirani yao umekosea hapa, kisha wakala naye, wana kitu ambacho pesa ya serikali hainunui.

Kwa hiyo ninawaomba wenyeviti wa vijiji na vitongoji, na kila mwenye shamba la urithi: baada ya mavuno ya mwaka huu, kabla mvua haijaanza, chagueni siku moja. Waiteni majirani wa pande zote, wazee kwa vijana, na wajane wasiachwe nyuma kwa sababu wao ndio wanaomegewa kwanza. Nendeni kwa miguu mpaka kwa mpaka. Palipofifia pandeni masale, minyaa au chochote mnachotumia kwenu, andikeni majina ya waliokuwepo, kisha mle pamoja. Na vijana mliopo mjini, siku hiyo rudini nyumbani, ili mjue mpaka wenu ulipo wakati anayeujua angali hai.