Bomba Tupu: Mkongo wa Mawasiliano na Haki ya Wasiozaliwa

Mkongo wa mawasiliano una umri wa namna mbili. Uzi wenyewe ni kioo safi cha silika chenye kipenyo cha mikromita 125, na kiini kinachopitisha mwanga ni mikromita 8 hadi 10 tu. Ukilazwa vizuri, usikatwe na jembe wala tingatinga, hudumu miaka 30 hata zaidi, na mtaro na mabomba yanayoubeba huweza kuupita umri huo. Mitambo ya kwenye ncha, yaani leza, ruta na swichi, hupitwa na wakati ndani ya miaka 5 hadi 10. Kwa hiyo anayepanga mtandao wa miaka 30 anafahamu kwamba mitambo itakayowashwa juu ya uzi wake katika mwaka wa ishirini bado haijabuniwa, na wengi watakaoitumia hawajazaliwa. Hapo hesabu ya uhandisi inageuka swali la falsafa. Mtu anaamuaje kwa niaba ya watu asiowajua, juu ya mahitaji asiyoweza kuyajua?

Neno "asiyoweza" lina uzito wake. Mwaka 1957 mwanafalsafa Karl Popper alichapisha kitabu kilichobeba hoja fupi: mwendo wa historia hutegemea sana ukuaji wa maarifa, na hakuna awezaye kujua leo atakachokigundua kesho, maana akikijua leo kimeshagunduliwa. Hoja hiyo haimzuii mtu kukisia idadi ya watu wa wilaya fulani baada ya miaka 10. Inachozuia ni kukisia watu hao watafanya nini na chombo ambacho hakijawahi kuwapo. Watu wa pwani hukiri jambo hilo kila siku kwa neno moja, inshallah, ingawa ni kweli pia kwamba neno hilo limefunika uvivu mwingi. Katika mafunzo ya Kiislamu tawakuli, yaani kumtegemea Mungu, huja baada ya kufunga ngamia. Kinachobaki ni kujua ngamia wa namna hii hufungwaje.

Nyaya za baharini zinatoa jibu lililo wazi kuliko vitabu vingi vya maadili. Desemba 1988 ulizinduliwa TAT-8, mkongo wa kwanza wa nyuzi za kioo kuvuka Atlantiki, ukiunganisha Marekani, Uingereza na Ufaransa. Ulisifiwa kwa kuweza kubeba simu 40,000 kwa wakati mmoja. Mwanga hufifia kadiri unavyosafiri ndani ya kioo, hivyo vifaa vya kuuhuisha viliwekwa kwenye sakafu ya bahari kila baada ya umbali fulani. Vifaa hivyo viliupokea mwanga, vikaugeuza umeme, vikasoma kila biti, kisha vikaituma upya kwa leza. Ili kifaa kisome, lazima kijue mapema kasi ya kile kinachosomwa, na kasi hiyo ilikuwa megabiti 280 kwa sekunde. Makadirio ya wahandisi wa miaka ya 1980 yakawa yamepigiliwa msumari chini ya maji, mahali ambapo hakuna fundi wa kwenda kubadilisha. TAT-8 ulistaafishwa mwaka 2002, ukiwa kijana wa miaka 13 au 14, tuseme.

Mwaka mmoja kabla ya uzinduzi huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton na wa Bell Labs walikuwa wameonyesha njia nyingine, yaani kipande cha uzi wa kioo kilichotiwa madini ya erbiamu, ambacho hukuza mwanga bila kuusoma. Hakiulizi unakwenda kasi gani wala umebeba nini, na kinakuza rangi nyingi za mwanga kwa pamoja. Mikongo iliyofuata, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, ilitumia vikuzaji hivyo. Mkongo wa EASSy, ulioanza kazi mwaka 2010 kutoka Mtunzini nchini Afrika Kusini hadi Port Sudan, ni wa kizazi hicho. Uwezo wake umeongezwa kwa kubadilisha mitambo iliyo nchi kavu, bila kuugusa uzi ulio baharini. Tofauti ya mifumo hii miwili haitokani na nani alikisia vizuri zaidi. Wa kwanza ulihitaji kisio ili ufanye kazi, na wa pili haukuhitaji.

Kinyume cha adabu hiyo ya kutotegemea kisio kilionekana Marekani. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 lilivuma dai kwamba matumizi ya intaneti yalikuwa yakiongezeka maradufu kila siku 100 hivi. Mwanahisabati Andrew Odlyzko alionyesha kwamba kiwango halisi kilikuwa karibu na maradufu kwa mwaka. Masikioni tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kwa miaka 5 kiwango cha kweli kinatoa ongezeko la mara 32, na kiwango cha uvumi kinatoa ongezeko la zaidi ya mara 300,000. Makampuni yalichimba na kulaza nyuzi kwa kufuata hesabu ya pili. Wakati huohuo ufundi wa kupitisha rangi nyingi za mwanga katika uzi mmoja ulikuwa ukikua, kwa hiyo kila uzi ulibeba zaidi na nyuzi zilizohitajika zikapungua. Kampuni ya Global Crossing ilifilisika Januari 2002, na WorldCom Julai mwaka huohuo. Kilichoachwa ardhini ni nyuzi ambazo hazikuwahi kuona mwanga, na waliokuja baadaye walizinunua kwa bei ya kutupa na kuziwasha.

Kesi hii inawasumbua wanaopima matendo kwa matokeo yake. Kizazi kilichofuata kilipata neema kubwa, nayo ilitoka kwa watu waliokuwa wakikimbilia faida ya haraka, ikalipwa na wenye hisa waliopoteza akiba zao na wafanyakazi waliopoteza kazi. Katika fikra za Kiislamu thamani ya tendo huanzia kwenye nia. Kwa kipimo hicho nyuzi zile hazikuwa sadaka, zilikuwa mali iliyopotea ikaokotwa na mpita njia. Mpango mzuri kwa wasiozaliwa hauwezi kuwa ule unaowasaidia kwa bahati baada ya kuwaumiza waliopo.

Kati ya kukisia kidogo kupita kiasi na kukisia bila mipaka kuna kitu ambacho mafundi wamekizoea hata hawakioni tena kuwa cha ajabu, nacho ni bomba tupu. Sehemu kubwa ya gharama ya mkongo wa nchi kavu ni kuchimba na kufukia. Bomba la plastiki ni rahisi likilinganishwa na jasho hilo. Kwa hiyo mtaro wa kina cha mita 1 hivi ukishakuwa wazi, hulazwa mabomba mawili au matatu ya rangi tofauti, mkongo ukapitishwa katika moja tu. Mengine huzibwa ncha kwa vizibo ili tope na panya wasiingie, na ndani yake huachwa kamba nyembamba, ili siku moja mtu afunge mkongo wake kwenye ncha ya kamba hiyo na kuuvuta hadi chemba inayofuata. Katika kila chemba mkongo huzungushwa mara kadhaa na kutundikwa ukutani, mita kadhaa za ziada zisizopeleka ujumbe mahali popote. Ukikatika, fundi anavuta ziada hiyo, anamenya ganda, anafuta uzi kwa spiriti, anaukata ncha iwe bapa, kisha anaziweka ncha mbili katika mashine ya kuunga. Kwenye kioo cha mashine zinaonekana kama vijiti viwili vinavyotazamana. Cheche ya umeme inaziyeyusha zikawa kitu kimoja. Pasipo ile ziada, atalazimika kuleta kipande kipya na kuunga mara mbili, na kila kiungo hupoteza mwanga kidogo. Mzingo ule ukutani ni matayarisho ya ajali ambayo hakuna aliyejua itatokea wapi.

Hata bomba tupu lina bei, na bei hiyo inalipwa leo na walio hai. Wachumi hulipima jambo hili kwa kupunguza thamani ya faida kadiri inavyokaa mbali. Kwa kiwango cha asilimia 10 kwa mwaka, faida ya shilingi 1,000,000 itakayopatikana baada ya miaka 30 huhesabiwa leo kuwa shilingi 57,000 hivi. Kwa asilimia 3 ni karibu 412,000. Kwenye karatasi ya hesabu, uamuzi wa kuweka bomba la tatu au kuliacha unaweza kutegemea tarakimu hiyo moja, ambayo mara nyingi huingizwa na mtu aliyeikuta kwenye mradi uliopita. Frank Ramsey, mwanahisabati wa Cambridge, akiwa kijana wa miaka 25, aliandika mwaka 1928 kwamba kuupunguzia uzito ustawi wa watu kwa sababu tu ni wa baadaye hakuna utetezi wa kimaadili. Kwa maoni yake, chanzo cha tabia hiyo ni udhaifu wa kufikiria. Wanaompinga wana hoja. Fedha iliyofukiwa mtaroni ingeweza kununua dawa za zahanati mwaka huu, na wajukuu huenda wakawa na uwezo kuliko babu zao. Lakini hoja hizo zinahusu fedha na mashaka. Hazisemi kwamba mtoto wa mwaka 2055 ni mtu pungufu, na kosa la kawaida ni kuruka kutoka la kwanza kwenda la pili bila kutamka.

Mkopo huligeuza swali juu chini. Mkongo wa Taifa wa Tanzania, ulioanza kujengwa mwaka 2009, uligharimiwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo kutoka China, na mataifa mengi yamejenga kwa njia hiyo. Hapo wasiozaliwa wanakuwa walipaji pia, nao hawakuwapo kikaoni. Kuwaachia deni pamoja na mfumo unaoweza kupanuliwa ni jambo linaloweza kutetewa. Kuwaachia deni pamoja na kitu kama TAT-8 ni jambo gumu kulitetea.

Imewahi kudaiwa kwamba fikra za Kiafrika haziwezi kuubeba mjadala huu wa wakati ujao. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, alieleza katika kitabu chake cha 1969 kwamba wakati wa kimapokeo una pande mbili, akaziita kwa maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Wakati ujao, kwa kuwa matukio yake hayajatokea, karibu haupo. Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa ushahidi wa lugha ya Kiakan. Kiswahili nacho kina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, kisha kinanyamaza, na Mbiti angefurahia ukimya huo. Lakini lugha si shahidi pekee. Mnazi mrefu huchukua miaka 6 na zaidi kabla ya kuzaa, kisha huzaa miongo mingi, na pwani imeupanda kwa vizazi. Zanzibar mti uliweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine, mpango ambao mwanasheria wa mawasiliano angeutambua mara moja, kwani mtaro, bomba, uzi na mwanga unaopita ndani yake navyo vinaweza kuwa na wenyewe wanne.

Kuna pia wakfu, taasisi iliyokabiliana na swali hili kwa karne nyingi. Mtu huitoa nyumba, shamba au kisima, mali ikafungwa isiuzwe wala kurithiwa, manufaa yakaendelea kwenda msikitini, kwa maskini au kwa ukoo. Shida yake inajulikana: masharti ya marehemu hubaki pale dunia inapobadilika. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, ni makali zaidi juu ya kuuza au kubadilisha mali ya wakfu. Hanafi na Hanbali yana nafasi pana zaidi, kwa masharti. Kinachofungwa kikiwa ni matumizi mahususi, wakfu huelekea kuzeeka. Kikiwa ni uwezo wenyewe, maji ya kisima kwa yeyote mwenye ndoo, hukaa. Mji wa Stockholm ulianzisha mwaka 1994 kampuni ya umma, Stokab, ambayo hulaza nyuzi na kuzikodisha zikiwa hazijawashwa kwa kampuni yoyote, kwa masharti yaleyale, yenyewe ikijizuia kuuza huduma kwa wakazi. Hakuna aliyeita mpango huo wakfu, lakini umbo lake ni la kisima.

Umbo hilo halijikingi lenyewe dhidi ya siasa. Mwaka 2009 serikali ya Australia iliahidi kufikisha uzi wa kioo kwa asilimia 90 ya majengo. Uchaguzi wa 2013 ukaleta serikali iliyoona kipande cha mwisho kingetumia nyaya za shaba zilizokuwapo, kwa kuokoa fedha na muda. Mwaka 2020 serikali ya mrengo huohuo ilitangaza kuwapelekea uzi wa kioo baadhi ya waliounganishwa kwa shaba. Bunge la huko huchaguliwa kila miaka 3, na mtaro unahitaji mara kumi ya hapo.

Linabaki jambo dogo ambalo mipango mingi hulitaja ukurasa wa mwisho, au hulisahau kabisa: ramani. Bomba tupu ni mali pale tu inapojulikana liko wapi, linatoka chemba gani kwenda ipi, na kamba ipo ndani au ilishavutwa. Mkandarasi akiondoka na michoro kwenye kompyuta yake, au barabara ikipanuliwa na chemba zikafunikwa lami bila mtu kuandika, nafasi iliyonunuliwa kwa fedha za watu wa leo inabaki chini pale, vizibo vikiwa imara na kamba ikiwa kavu, huku hatua mbili kando yake vibarua wakichimba mtaro mpya.