Barua ya Kueleza Alama

Kijana mmoja wa hapa Kakuma alinijia na ripoti zake za shule ndani ya mfuko wa plastiki. Kidato cha kwanza D. Cha pili D+. Cha tatu C+. Halafu KCSE akapata B-, na nyumbani kwao wakachinja kuku.

Kwa vyuo vya Kenya miaka ile ya mwanzo haina shida. Wanatazama KCSE tu: C+ unaingia digrii, C- diploma, D cheti cha ufundi. Mlima ni karo. DAFI ipo tangu 1992, mwaka ule ule kambi hii ilipoanza, lakini sisi ni wengi kuliko nafasi. Kwa hiyo akajaribu pia ufadhili mmoja wa ng'ambo. Hao wanataka ripoti za miaka yote minne, na barua ya kueleza kwa nini ulianza vibaya.

Mimi kazi hii nimeizoea. Nikamwambia, "Andika vita. Andika mlivyokimbia Kivu."

Akacheka kidogo. "Yaya, tulifika hapa nikiwa na miaka sita. Zile D ni mpira. Nilikuwa natoroka darasa."

Nikanyamaza. Maana vita ilikuwepo kweli, na babu yao alibaki huko kaburini kweli. Hakuna neno la uongo katika barua niliyotaka aandike. Ila babu hakuleta zile D. Je, ukichukua jambo la kweli ukafunika nalo jambo lingine la kweli, umesema ukweli? Mimi naona hapana, na nimewafundisha vijana wangapi kufanya hivyo, sijahesabu.

Lakini nisijipige peke yangu. Mtoto wa Nairobi akicheza mpira miaka miwili, watu wanasema ni utoto, atakua. Wa kwetu lazima awe na maiti ya kuonyesha ndipo asamehewe. Ninyi mnaosoma hizo barua, mmewahi kumpa nafasi mkimbizi aliyeandika tu kwamba alikuwa mvivu halafu akabadilika? Nauliza kwa heshima, nataka kujua.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Namjua msichana ambaye D zake zililetwa na huzuni yenyewe, na kulea wadogo zake watatu. Yeye hataki kuandika hata mstari. Anasema hayo ni ya mama yake, si ya kuombea shule. Kila tunapomwandikia mchezaji mpira barua ya vita, yule dada tunamfanya aonekane kama hana sababu.

Kijana ameandika mpira. Mistari minne, na mmoja kuhusu mwalimu wa hesabu aliyemfuata uwanjani. Barua nzuri, ingawa naiogopea.

Mimi pia nina fomu yangu ya mdhamini, inauliza changamoto alizopitia mwombaji. Nimeandika vita, nikafuta, nikaandika tena. Inatakiwa Ijumaa.