Ndugu Mgonjwa wa Akili ni Ndugu Bado

Katika matendo ya huruma ambayo wakatekumeni hufundishwa kabla ya ubatizo, limo hili: kuwatembelea wagonjwa. Mwenye malaria hukeshewa na ndugu zake. Lakini mgonjwa wa akili mara nyingi hukimbiwa.

Tazameni nyumba moja, nayo yaweza kuwa nyumba yoyote ya Bunia. Kaka hajalala siku tano, wala haoni uchovu. Anena bila kituo, ajiita mfalme, awagawia wapita njia mbuzi wa baba yake. Miezi michache baadaye, huyo huyo alala akitazama ukuta, akataa chakula, asema afadhali kufa. Majirani wanena, «Amelogwa.» Mmoja aleta kamba.

Huo si uchawi, wala si adhabu ya Mungu. Ni ugonjwa ambao madaktari waujua: humpandisha mtu kupita kiasi, kisha humshusha kupita kiasi. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alionyesha faida ya chumvi ya lithiamu. Na leo ziko dawa kadhaa za kuutuliza.

Yezu mwenyewe, kadiri ya Marko, sura ya tatu, alidhaniwa amerukwa na akili, na jamaa zake wakatoka kumkamata. Mtakatifu Yohane wa Mungu naye, huko Granada, Hispania, alifungiwa kama mwenye wazimu, akapigwa mijeledi. Alipotoka hakulipa kisasi, bali aliwafungulia wagonjwa hospitali, akawahudumia hata kufa kwake, tarehe 8 Machi 1550. Aliyeonja mijeledi alijua kwamba mijeledi haiponyi.

Basi jamaa wafanye nini? Usingizi ukianza kupotea, wampeleke mgonjwa hospitali mapema. Wamkumbushe dawa kila siku, hata akionekana amepona, maana akiziacha ugonjwa waweza kurudi. Akisema ataka kufa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Ndugu wakeshe kwa zamu, mama asielemewe. Akitulia, arudishiwe jembe lake na kiti chake barazani, wala asisimangwe kwa mbuzi waliopotea.

Sala isikome nyumbani humo. Lakini asaliye huku akimnyima mgonjwa dawa, amfunga kamba ya pili.

Swali: Mkristu amfanyie nini ndugu mgonjwa wa akili?
Jibu: Amtunze kama Kristu mgonjwa, asimfunge, asimfiche, asimwache.